Ni Cera mwenyewe, si pacha wake

Kwa mnaouliza kama yule François wa filamu ya Youth in Revolt ni mwigizaji mwingine: hapana. Ni Michael Cera huyohuyo anayecheza Nick Twisp, mhusika mkuu. Kabandikwa kisharubu chembamba, kavalishwa suruali nyeupe, kapewa sigara, basi kawa mtu mwingine kabisa. Nick anamzua kichwani ili apate jeuri ya kumfuata Sheeni, msichana anayempenda. Kinachochanganya watu ni kuwaona wote wawili kwenye picha moja. Hadithi imetoka kwenye riwaya ya C.D. Payne ya 1993. Na mnaobishania mwaka wa filamu, wote mko sawa: ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba 2009, ikaingia kumbi za Marekani Januari 2010. Ila filamu yenyewe inapanda na kushuka, François asipokuwepo inapoa kama chai ya jana.