Printa za 3D na biashara ya spea kutoka China

Mkuu, umeuliza kama uendelee kuagiza spea za magari Guangzhou wakati watu wanadai printa za 3D, yaani mashine zinazounda kitu halisi kutoka kwenye mchoro wa kompyuta, zitaua biashara hiyo. Endelea, ila chagua vizuri unachoagiza.

Chukua klipu ya bampa. Kiwandani, moldi ya chuma hugharimu maelfu ya dola, lakini ikishakuwepo, plastiki ya moto inasukumwa ndani na klipu zinamwagika kila baada ya sekunde chache. Printa inaijenga klipu hiyo hiyo tabaka kwa tabaka, taratibu mno. Kwa kitu kinachouzwa kwa mamia, printa haifui dafu.

Inakotamba ni kwa spea ambayo mteja anataka moja tu, mfano kigia cha plastiki cha kupandishia kioo kwenye gari ambalo kiwanda kimeshaacha kulitengenezea vipuri. Daimler, kampuni ya Ujerumani ya malori ya Mercedes-Benz, walianza kuchapa spea za plastiki za malori mwaka 2016: badala ya kujaza stoo, wanatunza mchoro kwenye kompyuta na kuchapa oda ikija. Wewe spea za aina hiyo ndizo zinazokudodea, kwa hiyo punguza kuziagiza na utafute kijana mwenye printa hapo mjini mgawane faida.

Spea za breki na usukani msizichape kabisa, hizo si za kujaribia.

Halafu hao wanaosema China itakosa soko wananichekesha. Printa nyingi za bei nafuu zinatoka Shenzhen, huko huko China, na nyuzi za plastiki ambazo printa huziyeyusha pia zinaletwa kwa kontena.