Ukijifunza kupiga dokumentari kwa kamera moja, hariri picha zako mwenyewe

Zoezi la kwanza nililopewa kwenye mafunzo lilikuwa kumpiga picha seremala akitengeneza kigoda. Nilikaa naye nusu siku, nikarudi na video ya karibu saa mbili, moyo umejaa. Nilipoketi kuihariri sikupata hata dakika moja inayotazamika. Karibu kila shoti, yaani kila kipande kilichorekodiwa bila kukatizwa, ilikuwa ya ukubwa uleule, kiunoni hadi kichwani. Kamera haikutulia. Kila nilipounganisha shoti mbili, seremala aliruka kwenye skrini kama aliyesukumwa. Mkufunzi akatazama kidogo, kisha akauliza, "Mikono yake iko wapi?"

Sikuwa nimeipiga.

Vijana wengi huniuliza wanunue kamera gani. Mimi huwauliza kama wamewahi kuhariri picha walizopiga wao wenyewe, tena mpaka mwisho. Studioni kamera tatu au nne huona tukio moja kwa wakati mmoja, na anayeongoza huchagua. Wewe una jicho moja tu. Kitendo kimoja utakichukua vipande vipande, kwa nyakati tofauti, halafu mtazamaji aone kama kimetokea mara moja. Kwa hiyo uhariri unaanza ukiwa bado umeshika kamera, na hujui cha kutafuta mpaka uwe umewahi kukikosa kwenye meza ya uhariri. Ukichagua kozi, chagua ile ambayo hutamkabidhi mtu mwingine kadi yako ya kumbukumbu akuharirie.

Nilirudi kwa seremala. Safari hii nilisubiri msumeno, maana kazi ya msumeno hujirudia. Nikachukua karakana nzima kwa mbali, kisha mikono na meno ya msumeno, kisha uso, kisha kutoka nyuma ya bega lake. Kila shoti niliishikilia sekunde 10 bila kugusa chochote. Sekunde 10 ni ndefu sana ukiwa umesimama nyuma ya kamera. Ukiwa kwenye uhariri utazibariki. Niliacha pia mkono uingie kwenye fremu na utoke, kwa sababu fremu iliyobaki tupu ni mahali pazuri pa kukata. Nilikosea jambo moja tu: asubuhi penseli ilikuwa sikioni mwake, mchana haikuwepo, nami sikuona. Shoti mbili nzuri zikakataa kukaa pamoja.

Angalia pia upande unaosimama. Chora akilini mstari kati ya macho yake na kitu anachokitazama, ubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, aliyekuwa akitazama kulia ataonekana anatazama kushoto, na mtazamaji atapotea bila kujua kwa nini.

Je, inaruhusiwa kumwomba mtu arudie kitendo? Wapo wanaokataa kabisa. Mimi naruhusu, ili mradi ni kitu alichokuwa akikifanya kweli na angekifanya hata nisingekuwepo. Kumwomba apige randa mara ya pili ni sawa. Kumwomba akasirike, alie, au afanye kazi asiyoifanya ni kumdanganya mtazamaji, na huo ndio mpaka wetu na watu wa tamthilia.

Sasa sauti, na hapa naomba unisikilize sana. Nilimhoji mzee mmoja aliyesimulia siku aliyompoteza mdogo wake. Sikuvaa hedifoni. Waya wa maiki ulikuwa na hitilafu, na nilichorekodi ni mikwaruzo mitupu. Nikamwomba asimulie tena, akakubali kwa upole. Maneno yalikuwa yaleyale, ila alikuwa ameshalia. Kile kilichokuwa ndani yake mara ya kwanza kilikuwa kimekwisha kutoka. Deni hilo bado linaniuma. Tangu siku hiyo hedifoni hukaa masikioni mwangu kuanzia kabla mhojiwa hajaketi mpaka anaposimama. Sauti ya mazungumzo naiacha icheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu kwenye kipimo cha sauti cha kamera, ili akicheka au akipaza sauti isipasuke. Tukimaliza, naomba kila mtu anyamaze kwa nusu dakika nirekodi ukimya wa chumba. Ukimya huo ndio utakaoziba mashimo kati ya maneno.

Katika mahojiano, kaa karibu kabisa na lenzi ili macho ya mhojiwa yasikimbilie pembeni. Sauti yako itaondolewa, hivyo mwombe ajibu kwa sentensi inayojitegemea. "Ndiyo, mwaka ule" haikusaidii kitu. Akimaliza kujibu, usikimbilie swali linalofuata. Hesabu hadi tatu moyoni. Mara nyingi jambo zito huja hapo. Na kila anachokitaja, iwe barua, mlango au picha ya ukutani, kiandike, ukakipige kabla hujaondoka. Ndivyo vitakavyofunika maungio utakapofupisha maneno yake.

Mitambo haihitaji maneno mengi. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, weka shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Weupe, yaani kipimo kinachoiambia kamera nyeupe ni ipi chini ya mwanga uliopo, upange kwa mkono, takriban Kelvin 5600 kwa mwanga wa mchana, maana ukiiachia kamera itabadilisha rangi katikati ya jibu. Kadi isifutwe kabla hujawa na nakala mbili kwenye diski mbili tofauti.

Ukitaka kuanza wiki hii, tafuta mtu ambaye kazi yake inaanza na kwisha ndani ya nusu saa. Mpige, kisha hariri usiku huohuo ukiwa bado unakumbuka ulichokiruka. Kesho yake rudi kwake ukachukue kilichopungua. Mimi nilirudi kwa seremala mara tatu. Kazi ya mwisho ilikuwa na dakika mbili na nusu. Mkufunzi aliitazama kimya, kisha akazima skrini na kuniomba niicheze tena, asikilize sauti peke yake.