Re: Yale mabaka meusi kwenye Njia Nyeupe ni mashimo?

Mkuu, umesema ulikuwa Marangu usiku, ukaona mabaka meusi katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota angani, ukajiuliza kama pale hakuna nyota. Nyota zipo. Mbele yake kuna mawingu ya gesi na vumbi yanayoziba mwanga.

Ila usilifananishe na vumbi letu la kiangazi. Chembe zake nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyingine ni za jamii ya mchanga, nyingine za kaboni. Pitisha kidole kwenye dari ya jiko la kuni la bibi hapa Moshi (jina la mji halihusiki, jamani): masizi yale ni ndugu wa karibu wa hizo za kaboni.

Utamu uko kwenye molekuli (atomi zilizoungana) za mawingu hayo. Jirani na Kilimia, kwenye kundinyota la Ng'ombe, kuna wingu liitwalo TMC-1, baridi yake kama nyuzi 263 chini ya sifuri. Mwaka 2018 darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, iliwezesha kugundua humo benzonitrili, molekuli yenye pete moja ya atomi za kaboni. Mwaka 2021 ikatangazwa sianonaftalini, pete mbili, ndugu wa zile naftalini za kabatini! Mimi nilidhani kwenye baridi ile hakuna kinachopikika.

Vumbi nalo lina kazi: atomi za hidrojeni hukutana juu ya chembe, zikaungana mbilimbili.

Mwezi Mei, saa tatu usiku, upe Mlima Kilimanjaro mgongo, tafuta Msalaba wa Kusini. Baka jeusi ubavuni mwake ni wingu la namna hiyo.