Trinidad ya Cuba: usiende kwa siku moja, na uanzie shambani

Mkuu, swali lako nimeliona jana usiku nikasema hili nitalijibu nikiwa nimekaa vizuri. Umesema mnakwenda Cuba wewe na mkeo kwa siku kumi, mtafikia Havana, na kuna mchangiaji kakwambia Trinidad ni mji wa kupiga picha tu: unakwenda asubuhi, unarudi jioni. Mimi nilikwenda Februari 2023 nikitokea Toronto ninakoishi, nikalala siku nne. Ushauri huo achana nao. Kutoka Havana ni zaidi ya kilomita 300, gari saa tano mpaka sita kwenda tu. Ukigeuza siku hiyohiyo, utakuwa umelipia kiti cha gari.

Lakini hata ukilala, kuna kosa nililolifanya mimi ambalo sitaki ulirudie. Nilianza na mji. Siku ya kwanza nikazunguka Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, nikaona nyumba za manjano, za buluu, za waridi, kanisa kubwa, minazi mirefu na mabenchi meupe ya chuma. Mimi mtoto wa Unguja, nimekulia mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe. Jumba la kale halinishtui. Mpaka magharibi nikawa najiambia, haya, mji mzuri, kisha? Siku ya pili nikaenda bondeni, na niliporudi jioni ile mitaa ikawa mitaa mingine kabisa.

Bonde lenyewe ni Valle de los Ingenios, yaani bonde la vinu vya sukari. UNESCO waliuweka mji na bonde pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, na hapo walifanya la maana, kwa sababu kimoja hakieleweki bila kingine. Trinidad ulianzishwa na Wahispania mwaka 1514 chini ya Diego Velázquez, na miaka michache baadaye Hernán Cortés alipita hapo kukusanya watu wa kwenda nao Mexico. Baada ya hapo ukakaa mji mdogo wa pembeni kwa muda mrefu sana. Sukari ndiyo iliyoupandisha, mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, ambapo bonde lilikuwa na vinu zaidi ya 50.

Chukua teksi mpaka Manaca Iznaga, kilomita 15 hivi kutoka mjini. Pale kuna mnara wa ghorofa saba, urefu wake kama mita 45, uliojengwa na ukoo wa Iznaga. Kwa mbali utadhani ni mnara wa kanisa. Ukipanda, ngazi zake za mbao zinalia kila hatua, na kila ghorofa ina matao yaliyo wazi pande zote. Nilipofika juu nikashika ukingo, upepo unavuma, chini kijani kitupu mpaka milimani. Ndipo ikanijia kwamba hapa hapakujengwa kwa ajili ya mandhari. Hapa alisimama mnyapara, au nokoa kama wazee wetu walivyomwita mashambani, akiwatazama watumwa waliokuwa kwenye miwa. Kengele ya juu ndiyo iliyowaamsha, ikawaita kazini na kuwaachisha. Siku hizi imeshushwa, imewekwa chini karibu na nyumba ya mwenye shamba, na watalii wanapiga nayo picha wakicheka. Sikuwalaumu, maana hata mimi nilikuwa na simu mkononi.

Chini ya mnara kina mama wanauza vitambaa vyeupe vya meza vilivyotariziwa, wamevitundika kwenye kamba vinapepea kama nguo za sikukuu. Kazi yao ni safi kweli: wanachomoa nyuzi za kitambaa moja moja kisha wanazifunga upya kwa sindano mpaka linatoka ua. Nilinunua kimoja, mama yangu kakataa kukitandika, kakiweka sandukuni. Nyuma ya nyumba kuna kinu cha mkono, watu wawili wanasukuma mti, unakunywa juisi ya miwa. Wenyewe wanaiita guarapo. Ni ileile ya Forodhani ikikosa ndimu na tangawizi, na kwa hilo sisi tumewashinda.

Sasa rudi mjini jioni hiyo, uingie Palacio Cantero kwenye mtaa wa Simón Bolívar. Lilikuwa jumba la tajiri wa sukari, leo ni makumbusho ya mji. Lina mnara wake mwembamba, na ukifika juu unaona bahari upande mmoja na bonde upande wa pili. Hapo hesabu inajifunga yenyewe: kila sakafu ya marumaru, kila taa ya vioo, imetoka kule ulikokuwa asubuhi. Sukari ilipoanguka kwenye nusu ya pili ya karne ya 19, fedha zikahamia miji mingine, na Trinidad ukabaki bila barabara nzuri kwa miongo mingi. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomoa. Uzuri unaouona leo umehifadhiwa na umaskini, na kwa hilo Mji Mkongwe wetu ni ndugu yake kabisa. Utumwa Cuba ulifutwa 1886. Soko la watumwa la Mkunazini kwetu lilifungwa 1873, ingawa utumwa wenyewe Unguja ulingoja hadi 1897. Kwa hiyo tusiwatazame kwa kiburi.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalioni ila Mswahili atalisikia. Kwenye daftari za Cuba za zama hizo watu waliandikwa kwa "taifa" lao: Congo, Lucumí, Carabalí, na wapo walioandikwa Macuá. Hao ni Wamakua, hawahawa wa Msumbiji na Masasi, waliozungushwa kusini mwa Afrika na kuvushwa Atlantiki. Waliotoka Kongo ndio walioacha dini inayoitwa Palo, na chungu chake kitakatifu wanakiita nganga. Mfu wanamwita nfumbe. Usiku nilikaa Palenque de los Congos Reales, ukumbi wa muziki pale mjini, kusikiliza ngoma, mzee jirani yangu akanieleza maneno hayo mawili kwa Kihispania. Nikamwambia kwetu nganga ni mtu, mganga. Akanitazama kwa muda, akaniuliza: "Na chungu mnakiitaje?" Nikamwambia chungu. Akacheka mpaka akakohoa.

Na bamia wanaiita quimbombó. Agizeni pamoja na congrí, wali uliopikwa na maharage. Magimbi na muhogo mtavikuta vilevile.

Mengine nayapitisha haraka. Laleni nyumba za watu, casa particular, mtakula vizuri kuliko mgahawani. Mkishuka kituo cha basi kuna vijana watakaowaambia nyumba yenu imejaa au bomba limepasuka, na wanawapeleka kwingine. Mimi niliwaamini, nikazungushwa na begi nusu saa, kumbe mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni kanisubiri na kahawa imepoa. Mpigieni mwenyeji kabla ya kuondoka Havana. Mitaa ina majina mawili, jipya na la kale. Simón Bolívar wazee bado wanauita Desengaño, kama kusema mtaa wa kuzinduka ndotoni, basi andikeni yote mawili. Bebeni euro taslimu, kwa sababu kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi. Umeme unakatika, lakini Mtanzania mgao haumtishi, bebeni tochi tu. Umesema wewe una pasipoti ya Ujerumani: aliyefika Cuba kuanzia Januari 12, 2021 hawezi tena kuingia Marekani kwa kibali cha mtandaoni, lazima aombe viza ubalozini. Kama una safari ya kwenda kwa ndugu zako Minnesota, lipange hilo mapema.

Ufuko wa Ancón uko kilomita 12, ni mzuri, ila kwa mtu aliyezoea Nungwi usimpotezee siku nzima. Saa hizo mkae mjini jua likipungua. Madirisha hayana vioo, yana nondo tu kutoka karibu na ardhi hadi juu, na milango mikubwa ina kimlango kidogo ndani yake kama yetu. Watu wanakaa ndani kwenye viti vya kubembea na kuzungumza na wapita njia kupitia nondo. Sisi baraza tuliiweka nje, wao wameiacha sebuleni na mtaa mzima ndio mkeka.

Na mkeo mwambie aache viatu vya kisigino nyumbani. Barabara zote za katikati ni mawe ya mtoni, ya mviringo, yametelezeshwa na miguu ya miaka yote hiyo. Mke wangu alibisha. Siku ya pili alikuwa anatembea na ndala zangu.