Maswali ya Wasomaji: Faini ya Kukaidi Mshale wa Barabarani, London

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi London ya mashariki na huazima gari la shemeji yangu ninapokwenda kazini usiku. Hivi karibuni nilitoka kwenye barabara ndogo, nikakata kulia kuingia barabara kuu, na sasa shemeji ameletewa barua ya faini ya pauni 160 kutoka halmashauri, kwamba gari halikufuata upande ulioonyeshwa na mshale. Nilirudi mchana nikakuta kibao cha buluu kimegeuka kwenye nguzo yake, kimeelekea ukutani. Shemeji anataka kulipa nusu upesi ili yaishe. Je, tunaweza kukata rufaa, na ni nani anayepaswa kuandika?
– Msomaji, London

JIBU: Ndugu msomaji, mwombe shemeji asilipe kwanza, kwa sababu malipo hufunga shauri, na shauri lenu lina nguvu. Ninaelewa haraka yake, kwani punguzo la nusu hudumu siku 14 tu na pauni 80 zinaonekana nafuu kuliko usumbufu. Hata hivyo, mkiwasilisha pingamizi ndani ya siku hizo, mara nyingi halmashauri hutoa punguzo hilo upya hata inapolikataa pingamizi lenyewe.

Tumezoea askari wa trafiki kumsimamisha dereva na kumwandikia papo hapo. Huko London kamera hunasa namba ya gari, na deni humwangukia mwenye gari hata kama usukani ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine aliyepewa ruhusa. Kwa hiyo kukutaja wewe kuwa ndiye uliyeendesha hakutamwondolea faini. Pingamizi liandikwe kwa jina lake, au akupe idhini ya maandishi uandike kwa niaba yake, nawe uambatanishe maelezo yako uliyoyatia saini. Habari njema ni kwamba faini ya aina hii haiongezi alama za makosa kwenye leseni ya mtu yeyote.

Hoja yenu kuu ni kibao chenyewe. Mshale mweupe ndani ya duara la buluu ni amri, lakini kanuni za Uingereza za mwaka 1996 kuhusu amri za barabara zinaitaka mamlaka iweke vibao vinavyomjulisha dereva vya kutosha na kuvitunza muda wote amri inapotumika. Kibao kilichoelekea ukutani hakimjulishi mtu. Msiandike kwamba mlikuwa na haraka, au kwamba hamkuijua njia, maana mwamuzi hana mamlaka ya kufuta faini kwa huruma peke yake.

Nenda leo, kabla hawajakinyoosha. Piga picha kutoka usawa wa macho ya dereva, kuanzia mbali hadi kwenye mstari wa kusimamia, kisha nguzo kwa karibu, na nyingine usiku, kwa kuwa ulipita usiku. Chunguza pia upande wa pili wa barabara na lami yenyewe, kwa sababu kama kuna kibao kingine kilichonyooka au mshale uliochorwa chini, hoja yenu itapungua nguvu na ni heri mlijue hilo mapema. Tazameni video ya halmashauri kwa kutumia namba zilizo kwenye barua. Mara nyingi huonyesha gari likikata kona tu, bila kuonyesha kile dereva alichokuwa anakiona mbele yake. Iombeni halmashauri ithibitishe hali ya kibao usiku ule.

Mna siku 28 za kuwasilisha pingamizi. Likikataliwa, mtapewa barua ya kukataliwa na siku nyingine 28 za kukata rufaa London Tribunals, ambako mwamuzi ni mwanasheria asiye chini ya halmashauri. Rufaa hailipiwi. Shauri linaweza kuamuliwa kwa maandishi au kwa kusikilizwa, na mnaruhusiwa kuwa na mtu wa kuwasemea. Binafsi ningeomba kusikilizwa, maana mwamuzi akiuliza ulisimama wapi na uliona nini, jibu lako la moja kwa moja lina uzito.

Jambo la hatari ni kukaa kimya. Faini isiyolipwa wala kupingwa huongezwa nusu, ikawa pauni 240, kisha husajiliwa kama deni mahakamani Northampton na inaweza kufikishwa kwa madalali wa mahakama. Tumeni pingamizi kwa mtandao, na shemeji ahifadhi uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe.