Hoja ya mwanachama isiishie mfukoni mwa katibu

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hapa Moshi, mjini na huku juu Uru na Kibosho, vina utaratibu unaofanana. Mwanachama mwenye jambo jipya haliibui tu kikaoni. Analipeleka kwanza kwa katibu, katibu anakaa na mwenyekiti, wakiridhia linaingia kwenye ajenda. Nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo kwa muda mrefu, na Desemba ndugu wanapopanda kutoka Dar kuja kula sikukuu, mimi ndiye ninayeandaa ajenda ya kikao cha ukoo. Utaratibu huu nautetea. Kinachoniuma ni jinsi unavyotumika vibaya. Nimeona watu wazuri wakiondoka kwenye vikundi, na si riba iliyowaondoa. Walileta hoja, ikamezwa, na hakuna aliyewarudishia jibu.

Kwanza nieleze kwa nini nautetea. Kikao cha wiki kina kazi zake: kununua hisa, mfuko wa jamii wa kusaidiana, marejesho, kisha mikopo mipya. Wanachama wengi ni akina mama wanaotoka Mbuyuni na Kiborloni, wamefunga biashara kuja kukaa. Sasa mtu mmoja anasimama bila taarifa, anasema kikundi kinunue maturubai na viti vya kukodisha. Wazo linaweza kuwa zuri kabisa, ila hana bei, hajui vitawekwa wapi, na kila mtu ana la kuchangia. Jua linazama mnabishana rangi ya viti, na yule mama aliyekuja kuomba mkopo wa ada anaondoka mikono mitupu. Kikao kisichochujwa kinamwonea mtu mpole, kwa sababu mwenye sauti kubwa ndiye anayekula muda wote.

Kwa hiyo kuchuja ni haki. Swali ni katibu anachuja nini. Ushauri wangu kwa kila anayeshika kalamu hiyo: pima kama jambo ni la kikundi, kama linahitaji uamuzi au ni taarifa tu, na kama halijaamuliwa tayari katika mzunguko huu, yaani tangu mlipoanza kuweka hadi mtakapogawana. Basi. Kama wazo ni zuri au baya, hilo si lako. Wanachama wana akili zao na wana hisa zao, waache walikatae wenyewe. Katibu anayezuia hoja kwa sababu haimpendezi amepiga kura peke yake kabla ya wenzake kuketi.

Pagumu kuliko pote ni hoja inayomgusa kiongozi. Mwanachama anakuja na karatasi: "Mwenyekiti amejipa mkopo nje ya foleni." Ukiipitisha ilivyo, kikao kitageuka ugomvi na hakuna kitakachoamuliwa. Ukiikalia, umeshiriki. Mimi hukaa na mwenye hoja tukaiandika upya, kwa ridhaa yake, iwe juu ya utaratibu: "Foleni ya mikopo, na namna viongozi wanavyokopa." Akisema hataki maneno yabadilishwe, sibadilishi. Halafu mwenyekiti hashiriki kuipitisha, na siku ya kikao anapisha kiti, ajenda hiyo iongozwe na mwanachama mwingine. Viongozi hawaipendi sana njia hii, lakini mwenyekiti asiye na tatizo hutoka kwenye kikao kama hicho akiaminika zaidi.

Angalieni sanduku letu la fedha. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, ili mmoja asilifungue peke yake. Sasa kwa nini ajenda, ambayo ndiyo inayoamua fedha hiyo iende wapi, iwe na ufunguo mmoja? Ongezeni mtu wa tatu kwenye kupitisha hoja, mwanachama wa kawaida asiye na cheo, na abadilishwe kila mzunguko.

Jibu nalo litolewe kabla ya kikao. Imepita, au imesogezwa hadi kikao fulani, kitajwe, au haikupita, na sababu ni hii. "Tutaangalia" si jibu. Muwe na daftari la hoja, mbali na lile la muhtasari: tarehe, jina, jambo, jibu. Aliyetuma kwa simu naye aandikwe humo, maana ujumbe wa simu hufutika. Na daftari likae mezani, kila mwanachama alifungue akitaka. Kwetu hili limepunguza minong'ono kuliko hotuba yoyote ya umoja.

Kuhusu mengineyo, ile ajenda ya mwisho, muwe wakali. Watu hujifunza kubana hoja zao mpaka mwisho, wenzao wamechoka na nusu wameshaondoka, ndipo wanatupa jambo la laki kadhaa. Mengineyo iwe ya taarifa: msiba, mgonjwa, harusi. Chochote kinachogusa fedha kiende kikao kijacho, hata kama aliyekileta ni mwenyekiti.

Kikao cha ukoo hakina daftari, kina wazee. Hapo siendi na karatasi kwanza, naenda mwenyewe: "Mzee, shikamoo. Shangazi anaomba suala la kihamba cha babu lizungumzwe mwaka huu." Kihamba ndilo shamba la ukoo tunalorithishana. Jibu la wazee nalijua tayari: tusiharibu sikukuu. Naheshimu wazee, lakini kwenye hili sikubaliani nao. Jambo la kihamba likiahirishwa Desemba hadi Desemba halifi, linakwenda kuibuka kwenye baraza la ardhi la kata, mbele ya watu ambao hata babu hawakumfahamu. Naomba walau tarehe, hata kama ni baada ya mwaka mpya, kabla watu hawajashuka mjini.

Mkutano wa kijiji ni habari nyingine, kwa sababu kule sheria imeshaamua baadhi ya mambo. Mkutano unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Hoja ya namna hiyo si ya mtu kupima kama ataipeleka au la.

Wewe mwenye hoja nawe una wajibu. Usipeleke malalamiko, peleka sentensi moja inayosema unataka nini kiamuliwe. Kama ni maturubai, nenda madukani uulize bei, uandike. Peleka mapema, siyo asubuhi ya kikao. Ikikataliwa, omba sababu kwa upole na uone imeandikwa daftarini.

Ikikataliwa tena bila sababu, fungua katiba ya kikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vyetu vinasajiliwa kwenye daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, na katiba ni sehemu ya usajili, kwa hiyo ipo, hata kama imefungiwa kabatini kwa mtu. Tafuta kifungu kinachosema wanachama wangapi wanaweza kudai kikao maalumu, kisha wafuate wenzako mmoja mmoja, muandike barua na kuisaini. Kama kifungu hicho hakimo, basi hoja yako ya kwanza iwe kukiweka.