Maswali ya Wasomaji: Rekebisho la mstari mmoja kwenye draiva

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kukagua msimbo wa draiva za Linux, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta. Katika draiva niliyonayo, probe (funksheni inayoandaa kifaa kinapogunduliwa) huwasha saa ya kifaa, yaani mapigo ya umeme yanayokiendesha, kwa clk_prepare_enable, kisha huomba interapti (ishara ya kifaa kuomba kushughulikiwa) kwa devm_request_irq, ndipo husajili kifaa. Rekebisho nililoletewa linaongeza mstari wa kuzima saa endapo usajili utashindikana. Msimbo unajengeka bila onyo. Je, nilipitishe?

JIBU: Ndugu msomaji, usilipitishe bado. Kujengeka bila onyo hakuthibitishi lolote hapa, kwa sababu njia za hitilafu hazipitiwi kifaa kinapofanya kazi vizuri. Isome funksheni nzima, si mistari iliyobadilishwa tu, na kila penye return au goto, yaani amri ya kutoka au ya kuruka, ujiulize ni nini kimekwisha kuchukuliwa na nani atakirudisha. Utaona mara moja kwamba ombi la interapti likikataliwa, saa inabaki ikiwaka vilevile.

Kuna kasoro iliyojificha zaidi, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Vitu vilivyochukuliwa kwa funksheni za devm (zile ambazo majina yao huanza na devm_) hurudishwa na keneli, yaani kiini cha Linux, yenyewe baada ya probe kurudisha hitilafu, cha mwisho kikitangulia. Saa yako haimo katika orodha hiyo, kwa hiyo mstari mpya unaizima ilhali interapti ingali hai. Interapti ikilia katika mwanya huo mfupi, funksheni inayoishughulikia itasoma rejista (vihifadhi vidogo vya namba) za kifaa kisicho na saa, na kwenye baadhi ya chipu mfumo mzima huganda. Mwombe mwandishi atumie devm_clk_get_enabled, iliyopo tangu Linux 6.0 ya mwaka 2022, kabla ya kuomba interapti. Hapo interapti itaachiwa kwanza, saa ifuate. Kama remove, funksheni inayoitwa kifaa kinapoondolewa, nayo huzima saa, mstari huo uondolewe, la sivyo saa itazimwa mara mbili.

Tazama pia thamani inayorudishwa. Kigeu ret, kinachobeba matokeo ya kila hatua, kikibaki na 0 ya hatua iliyofaulu, keneli itaamini kifaa kiko tayari. Na -517, yaani EPROBE_DEFER, isigeuzwe kuwa namba nyingine, kwani ndiyo inayoiambia keneli ijaribu tena baadaye.

Dai vilevile, katika maelezo ya rekebisho, mstari wa Fixes wenye angalau herufi 12 za kwanza za kitambulisho cha badiliko lililoleta kasoro, kwa kuwa watunzaji wa matoleo ya zamani huutumia kujua rekebisho lipelekwe wapi.